Maganda ya korosho na kichocheo nisichokiona

Hapa nyumbani ukisema wewe ni mkemia, swali la kwanza ni kama unaweza kupima DNA. Mkemia anayejulikana mitaani ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na habari zake zinazovuma ni za watoto na baba zao. Swali la pili ni sabuni. Nimeshaombwa fomula ya sabuni ya maji harusini, msibani, hata na dereva wa bodaboda aliyeniona na koti jeupe mkononi. Natoa bila kinyongo, sabuni haina siri. Kinachonipa shida ni kueleza kazi yenyewe niliyoianza nikiwa binti na ambayo sasa imenitoa mvi: natafiti vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali bila vyenyewe kuisha, ambavyo ndani yake atomu ya metali imeshikana na kaboni moja kwa moja. Fani hiyo ndiyo kemia ya oganometali. Juzi mtoto wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha sita, aliniuliza, "Shangazi, sasa hicho kichocheo unakionaje?" Nikamwambia sikioni. Alicheka sana, akadhani namtania.

Sikumtania, na hii ni namna ya kumjibu.

Metali kushikana na kaboni si jambo geni. Mdenmarki William Zeise alitengeneza chumvi ya platinamu yenye ethilini (gesi ya kaboni mbili) ndani yake miaka ya 1820, na wakubwa wa kemia wa enzi zake wakambishia kwamba haiwezekani. Mwili wako pia unayo: vitamini B12 ina atomu ya kobalti iliyoshika kaboni, kama Dorothy Hodgkin alivyoonyesha kwa eksirei mwaka 1961. Wanakemia wa viwandani wakaja kugundua kwamba metali za namna hii, zikivishwa molekuli zinazofaa pembeni (tunaziita ligandi), zinaweza kukata na kuunga kaboni kwa ustadi ambao moto na asidi havina. Tuzo ya Nobel ya kemia imekwenda huko tena na tena: 1963, 1973, 2001, 2005, 2010. Basi, historia inatosha.

Mimi ni mtu wa Newala. Nyumbani kwetu kila kitu kililipwa na korosho: ada, bati, mahari ya kaka zangu. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, watoto tulirudi nyumbani tukiwa njano hadi kope. Sikujua wakati ule kwamba salfa ni sumu kubwa ya vichocheo vya metali, na kwamba ningekuja kuishi kwa kuiogopa. Shangazi yangu mkubwa alikuwa mbanguaji. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kwa hiyo wanawake walijipaka majivu au mafuta ya mbarika kabla ya kuketi, na bado vidole vilibabuka na kuwa vyeusi. Ganda lenyewe lilikuwa kuni. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya ganda lile mna fenoli, jamii ya kemikali ambayo viwanda vya nje huitengeneza kutokana na mafuta ya petroli. Na hata leo sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ganda na mafuta yake humohumo. Tunauza kokwa, ganda tunalitoa bure. Nikianza hasira hizi sitamaliza, turudi kwenye kichocheo.

Baada ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu Ujerumani, Aachen. Kazi niliyopewa ilikuwa paladiamu, na mmenyuko ule wa Suzuki wa kuunganisha pete mbili za kaboni, ambao viwanda vya dawa vinautumia kila siku. Nikatengeneza kampleksi (metali pamoja na ligandi zake) mpya ya paladiamu na fosfini, ligandi yenye fosforasi. Fuwele zake zilikuwa njano safi, zinang'aa, na picha ya eksirei ilionyesha kila atomu mahali pake. Niliipenda ile picha, niliibandika juu ya meza yangu. Kichocheo changu ndicho hiki, nikasema.

Kisha nikaanza kupima. Unachukua sampuli kila baada ya dakika chache, unaangalia kiasi gani kimeshabadilika, unachora. Kwa kichocheo kilicho tayari, mstari unapanda tangu mwanzo na kupungua kasi kadiri malighafi inavyokwisha. Wangu ulilala chini muda mrefu, halafu ukapanda kwa ghafla. Kuna kitu kilikuwa kinazaliwa kwanza. Msimamizi wangu, mzee mpole asiyependa maneno mengi, aliangalia mchoro akaniambia nitie tone la zebaki. Zebaki hunasa chembechembe za metali tupu, ilhali kampleksi iliyo nzima kwa kawaida huiacha. Nikatia. Mmenyuko ukasimama palepale.

Zebaki nayo ina udanganyifu wake, maana kampleksi nyingine huziharibu, kwa hiyo tuliendelea na vipimo vingine: kuchuja mchanganyiko ukiwa wa moto, kubadilisha kiasi cha fosfini, kutazama chembe kwa hadubini ya elektroni. Vyote vilielekea upande mmoja. Fuwele nilizozibandika ukutani hazikuwa zikifanya kazi. Zilikuwa zinavunjika polepole na kutoa paladiamu nyingine, kidogo mno, isiyokaa chupani, na hiyo ndiyo iliyokuwa inafanya kazi yote. Tasnifu yangu ikawa juu ya hiyo.

Kuanzia hapo nikawa na ugonjwa wa kukusanya visa vya namna hii, na viko vingi. Treni kutoka Aachen hadi Mülheim si safari ndefu, na Mülheim ndiko kilikotokea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Karl Ziegler na wanafunzi wake walikuwa wanarefusha minyororo ya kaboni kwa ethilini na aluminiamu. Ghafla mtungi wao wa shinikizo ukaanza kutoa buteni, mnyororo mfupi kuliko yote, na hakuna kingine. Aluminiamu ileile, ethilini ileile. Walihangaika mpaka wakamkuta mhusika: mabaki madogo kabisa ya nikeli ndani ya mtungi wenyewe. Wangeweza kuusugua vizuri na kuendelea na maisha. Badala yake wakajiuliza metali nyingine zitafanya nini, wakazijaribu moja baada ya nyingine, na mwaka 1953 titaniamu ikawapa polithini bila shinikizo kubwa, ndani ya chupa ya kioo ya kuhifadhia matunda. Dumu la maji la nyumbani kwako limetoka kwenye uchafu wa mtungi ule.

Kuna kingine cha karibu zaidi. Mwaka 2003 kundi la Nicholas Leadbeater lilitangaza kwamba Suzuki inaweza kwenda bila metali yoyote. Miaka miwili baadaye kundi lilelile likaeleza kilichotokea: kaboneti ya sodiamu ya dukani waliyokuwa wakiitumia ilikuwa na paladiamu kiasi cha sehemu 50 kwa bilioni, na hizo zilitosha. Mwaka 2009 Stephen Buchwald na Carsten Bolm wakaonyesha kwamba baadhi ya mimenyuko iliyosifiwa kuwa ya chuma ilikuwa inaendeshwa na shaba iliyojificha ndani ya chumvi ya chuma. Nawapenda watu hawa. Kurudi kwenye jambo uliloshangiliwa na kulichimba upya si kazi ya kila mtu.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni Jack Halpern wa Chicago, ambaye sikuwahi kumwona, nilimsoma tu. Baada ya William Knowles wa Monsanto kutumia rodiamu kutengeneza L-DOPA, dawa ya Parkinson, yenye mkono mmoja tu (molekuli nyingi zina mkono wa kulia na wa kushoto, na mwili unachagua), watu walidhani maelezo ni mepesi: malighafi inashika rodiamu kwa upande inaoutoshea vizuri, na upande huo ndio unaoamua mkono. Halpern akapima. Katika mifumo aliyoichunguza, kampleksi iliyojaa kwenye myeyusho, ile unayoiona kwenye NMR (mashine inayosoma molekuli kwa sumaku) na unayoweza kuigandisha ikawa fuwele, ilikuwa ya mkono usiotokea. Bidhaa ilitoka kwa ile nyingine, iliyo chache kiasi cha kukaribia kutoonekana, kwa sababu ilikuwa na haraka mara nyingi zaidi. Ni kama shughuli ya harusi: waliojaa chini ya turubai na sare zao ndio wanaopigwa picha, ila pilau imepikwa na akina mama watatu nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea fuwele nzuri, nampongeza, halafu namuuliza zinafanya nini hasa. Wananiona mchawi wa furaha za watu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na uamuzi wa kufanya kazi na mafuta ya ganda la korosho. Walionicheka walikuwa na hoja. Kemia hii adui yake ni hewa. Oksijeni inaua fosfini, unyevu unaua kampleksi, na unyevu wa pwani hauhitaji maelezo. Vioo vyetu tunavikausha ovenini usiku kucha, vinaingia kwenye laini ya Schlenk (mabomba ya kufanyia kazi bila hewa) vikiwa vya moto bado, vinanyonywa hewa na kujazwa agoni, gesi isiyomenyuka, mara tatu. Kiyeyushi tunakichemsha juu ya sodiamu na benzofenoni hadi kigeuke buluu nzito, ndipo tunajua maji na oksijeni vimekwisha. Maabara kubwa zimeachana na mtambo huo kwa sababu ya hatari ya moto, na wana haki. Wetu haulali peke yake, mtu anaulinda.

Umeme ndio somo ambalo Aachen hawakunifundisha. Laini ya Schlenk ina pampu ya ombwe, na mbele ya pampu kuna mtego wa kioo uliozamishwa ndani ya nitrojeni kimiminika. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, oksijeni kwenye 183 chini ya sifuri. Maana yake, umeme ukikatika, pampu ikasimama na hewa ikapenya, oksijeni itageuka kimiminika ndani ya mtego. Ina rangi ya samawati hafifu, nzuri kuitazama, na ikikutana na mabaki ya viyeyushi inaweza kuubomoa ukuta. Kwa hiyo kwetu taa zikizimika hakuna anayetafuta simu awashe tochi. Aliye karibu anashusha dumu la nitrojeni kwanza kabisa, mwingine anafungulia mtego upumue, watu wanatoka. Jenereta baadaye. Nitrojeni yenyewe tunaipata kwa wenzetu wa uhimilishaji wa ng'ombe, wanaohifadhia mbegu za madume humo. Wamezoea kutuona foleni moja na mabwana mifugo.

Mashine ya NMR tunayotegemea iko nje ya nchi, kwa rafiki. Sampuli inafungwa ndani ya mrija wa kioo kwa moto, ikiwa chini ya ombwe, na kusafiri. Forodha moja iliwahi kuifungua kuhakiki. Rafiki akanitumia mchoro wa fosforasi wenye kilele kimoja karibu na 29, ambacho ni fosfini iliyokufa kwa hewa. Hakuandika maneno yoyote, hakukuwa na haja.

Sasa korosho. Ukiyapasha moto mafuta ya ganda, asidi ya anakadiki iliyomo inatoa kaboni dioksidi na kubaki kardanoli: pete ya fenoli yenye mkia wa kaboni 15. Usumbufu wake ni kwamba ni mchanganyiko. Mikia mingine haina bondi maradufu (mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili), mingine ina moja, mingine mbili, mingine tatu, na kuitenganisha ni gharama tupu. Ila tazama zinakoanzia. Ukihesabu kutoka kwenye pete, bondi maradufu ya kwanza iko kwenye kaboni ya nane, kwa zote zilizo nayo. Ukileta ethilini na kichocheo cha ruteniamu cha aina ya Robert Grubbs, bondi zile zinakatika na kila ncha inavikwa kipande cha ethilini. Mkia uwe na bondi moja au tatu, upande wa pete unabaki na fenoli ileile ya mkia wa kaboni tisa. Mchanganyiko uliokuwa kero umekuwa karibu kitu kimoja. Na ile yenye bondi moja inakuachia pia okteni, ambayo watengenezaji wa polithini huinunua. Mara ya kwanza nilipouchora mmenyuko huu ubaoni nilikaa kitini nikautazama tu.

Wazo si langu. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na David Cole-Hamilton wa St Andrews, Uskoti, walichapisha mwaka 2012 njia ya kutoa kwenye kardanoli harufu inayomvuta mbung'o. Ng'ombe anamvuta mbung'o kwa pumzi yake na kwa mkojo wake, na katika mkojo mna fenoli yenye mkia mfupi wa kaboni tatu. Ukiiweka kwenye mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, mbung'o wanakuja. Mwaka 2014 Cole-Hamilton na kundi la Lukas Gooßen wa Kaiserslautern wakaufupisha mchezo: paladiamu na ruteniamu ndani ya chungu kimoja, paladiamu inasogeza bondi mkiani kuelekea kwenye pete huku ruteniamu ikikata. Ukitumia ethilini unabaki na mkia wa kaboni mbili, ukitumia buteni unapata tatu. Kilichobaki ni kuongeza hidrojeni. Ganda lililokuwa kuni linaingia mtegoni kulinda ng'ombe. Sijasoma jambo la kemia lililonigusa hivyo, na nasema hivi nikiwa nimesoma mengi.

Tukaanza na sisi, kwa namna yetu. Dumu la kwanza la mafuta kutoka Mtwara lilikwenda vizuri. Dumu la pili, kiwanda kilekile, mashine ileile, ruteniamu ikafa kabla ya kufika popote. Mimi, binti wa Newala, nikashuku salfa mara moja. Mwanafunzi wangu wa uzamili, msichana mtulivu kutoka Kigoma, hakubishana nami. Alichukua karatasi yenye wanga na iodidi ya potasiamu, akadondoshea mafuta ya dumu la pili yaliyochanganywa na asidi ya siki, akaniletea mezani. Ilikuwa buluu.

"Dokta, ni peroksidi."

Dumu lile lilikuwa limekaa mlangoni nusu tupu, jua likilipiga mchana kutwa. Mikia yenye bondi mbili na tatu ilikuwa imekula oksijeni ya humohumo dumuni na kuwa peroksidi, na peroksidi ni kifo kwa ruteniamu. Kiasi chake hakionekani kwa macho, mafuta yana rangi ileile ya kahawia na harufu ileile. Aliyapitisha kwenye nguzo fupi ya alumina (mrija uliojazwa unga unaonasa peroksidi) chini ya agoni, akajaribu tena, na kazi ikaenda. Siku hizi madumu yote yanajazwa hadi shingoni, yanafungwa chini ya agoni na kuwekwa kabatini gizani, na karatasi ile inatangulia kila jaribio.

Kwenye chungu cha metali mbili ndiko ugonjwa wangu wa zamani uliponirudia. Tunaweka kampleksi ya paladiamu yenye jina na picha. Inayosogeza bondi ni paladiamu iliyoshika hidrojeni, inayozaliwa na kufa humo ndani, na NMR haituonyeshi hata kivuli chake. Tunaijua kwa matendo. Tukiweka deuteriamu, yaani hidrojeni nzito, mahali pa hidrojeni, tunaikuta baadaye imetawanyika mkiani, kaboni hii na ile, kwa hiyo kuna mtu amepita. Hapo ndipo nilipofika na mtoto wa kaka yangu: nilimwonyesha nyayo, akataka kumwona mwenye nyayo.

Hesabu ya fedha bado haijakaa. Ruteniamu ni nafuu ukiilinganisha na rodiamu, ambayo mwaka 2021 ilipita dola 25,000 kwa aunsi, lakini kichocheo cha Grubbs kinakuja kwa gramu na bei ya gramu, na mtego wa mbung'o hauuziki kwa bei ya dawa ya saratani. Kila molekuli ya ruteniamu lazima ifanye maelfu ya mizunguko kabla ya kufa. Tunapanda, polepole.

Na sasa kuna jambo jipya. Mwezi uliopita jaribio la kudhibiti, lisilo na paladiamu kabisa, lilionyesha bondi zinasogea kidogo. Ruteniamu ikioza nayo huweza kusogeza bondi, hilo linajulikana, na mimi ningeishia hapo. Msichana wa Kigoma hakuishia hapo. Alikuja na makala ya mwaka 2019 ya kundi la Valentine Ananikov wa Moscow, waliotazama kwa hadubini zile sumaku za kukorogea zilizofunikwa plastiki nyeupe. Kadiri zinavyotumika, uso wake unachubuka na kunasa chembe za metali, paladiamu ikiwemo, na kuziosha hakusaidii sana. Sumaku zetu zimefanya kazi ya paladiamu tangu nilipoanzisha maabara. Baadhi nilikuja nazo kutoka Ujerumani kwenye soksi.

Anataka mpya, za kutumika kwa kazi ya ruteniamu peke yake, zenye alama nyekundu na kisanduku chao, na mtu yeyote asiziguse. Nimeangalia bei pamoja na usafiri, nikaguna, nikasaini. Zikifika atarudia jaribio, na hapo ndipo tutajua kama ni ruteniamu au ni sumaku.